Diski ipi ya video inayostahimili boti na chumvi?

SWALI: Asalaam aleikum. Napiga video za harusi hapa Amu, na kazi hunivusha mara Shela, mara Mokowe, diski ikiwa mkobani. Sasa imeanza kugonga ndani, tik-tik, na faili zachelewa kufunguka. Mtandaoni nimeona nyingine ya TB 16 kwa bei rahisi mno. Niinunue?
Mpigapicha, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Okoa kwanza kazi iliyo ndani ya hiyo ya zamani. Kugonga huko mara nyingi ni kichwa cha kusomea kinachoshindwa kukaa mahali pake juu ya sahani inayozunguka ndani ya diski. Usifungulie video humo, wala usiendeshe programu ya kukarabati. Hamisha leo hii zile harusi ambazo hazina nakala, ndipo zifuate nyingine. Ikigoma kuwaka, iache; kuijaribu tena na tena huenda kukazichuna sahani, na hapo hata fundi wa kurejesha data hatakuwa na la kuokoa.

Ya TB 16 usiiguse. Diski za sahani za kubebwa mfukoni huishia TB 5 au 6, na SSD, yaani diski isiyo na sahani, ya ukubwa huo haiwezi kuwa ya bei rahisi. Ndani ya hizo bandia mara nyingi mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyochezewa idanganye ukubwa wake. Huendelea kupokea faili hata ikishajaa. Majina utayaona yote, lakini ukifungua, hakuna kitu.

Kwa safari za boti nunua SSD, kwa kuwa haina kinachozunguka cha kugongeka. Samsung T7 Shield, kwa mfano, ina ganda la mpira na kiwango cha IP65: huzuia vumbi na maji ya kurushwa, si kuzama baharini. Tundu la kebo ndilo mlango wa chumvi. Likilowa, usichomeke mpaka likauke kabisa. Tunza diski kwenye kopo lisilopitisha hewa, pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu.

Ukubwa upigie hesabu. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa. Kamera mbili kwa saa 4 ni GB 360. TB 1, yaani GB 1,000, itajaa kwa harusi mbili na ushei, kwa hiyo chukua TB 2.

Tumia kebo iliyokuja na diski. Kebo nyingi za kuchajia simu ni USB 2.0, za kasi ndogo: GB 500 zitakuchukua karibu saa 4.

Ukihama kati ya Windows na Mac, fomati kwa exFAT, mpangilio wa faili unaosomeka na zote mbili, ila usichomoe kabla ya kuiambia kompyuta iitoe, maana exFAT huharibika upesi. Ukiwa na Windows pekee, NTFS, mpangilio wa Windows wenyewe, ni salama zaidi.

Nunua pia diski ya sahani ya TB 4, ikae nyumbani na nakala ya pili. Ni ya bei rahisi na haisafiri. Kadi ya kamera usiifute mpaka kazi iwe kwenye diski zote mbili.

Diski mpya ijaribu ikiwa bado tupu: programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac, huijaza yote kisha huisoma upya. Likitokea kosa hata moja, irudishe dukani na risiti yako.