Kwa wanaoanza kuomba fedha za utafiti wa afya ya wasio na uwezo

Wadogo zangu mnaoingia kwenye utafiti wa mifumo ya afya, nianze na bajeti, maana andiko zuri la kuomba fedha huangukia hapo. Nimesoma maandiko mengi yanayotaja wananchi wa kipato cha chini kila ukurasa, lakini wahojiwa wote wanatoka kwenye foleni ya mapokezi. Aliyefika mapokezi ameshapata nauli na mtu wa kumwachia watoto. Yule ambaye gharama zimemzuia yuko nyumbani, na utafiti wako haumjui.

Kumfuata huko kunataka fedha, basi ziandike mapema: mafuta ya pikipiki, posho ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayezijua kaya, siku ya kurudi kwa waliokuwa shambani. Mfadhili akitaka upunguze, vipengele hivi ndivyo vinavyokatwa kwanza. Vitetee. Afadhali ukate warsha ya hotelini.

Halafu swali. "Je, bima inawasaidia maskini?" ni pana mno, hakuna atakayelilipia. Tanzania tumekuwa na uchangiaji wa gharama za matibabu tangu 1993, na msamaha kwa wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi. CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilijaribiwa wilayani Igunga 1996. CHF iliyoboreshwa, ya 2018, mchango wake ulikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Kwa hiyo sera hatujakosa. Uliza mzee mwenye haki ya msamaha anakwama wapi hasa: kwenye barua ya mtendaji wa kijiji, kwa afisa ustawi wa jamii, au dirishani anapoambiwa dawa hakuna, akanunue nje? Na uamue tangu mwanzo nani utamhesabu kuwa hana uwezo. Orodha ya kaya maskini za TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ni mwanzo mzuri, lakini kuna mjane aliyeachwa nje ya orodha hiyo, naye ana haki ya kuhesabiwa.

Swali dogo lililokatwa vizuri lina nguvu kubwa. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliuliza jambo moja tu katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya: chandarua kigawiwe bure au kiuzwe kwa bei ndogo? Matokeo yao, yaliyochapishwa 2010, yalionyesha kwamba bei ya takriban senti 60 za Marekani ilishusha idadi ya waliochukua kwa asilimia 60 hivi ukilinganisha na bure, na walionunua hawakukitumia zaidi ya waliopewa. Hoja kwamba mtu hathamini cha bure ilipata jibu lenye ushahidi. Andiko lako lilenge kupata jibu la namna hiyo.

Kuhusu wafadhili: shirika la hisani la Wellcome na taasisi ya utafiti wa afya NIHR, zote za Uingereza, na kituo cha utafiti wa maendeleo IDRC cha Kanada wamewahi kufadhili kazi za aina hii, soma mwito wao mstari kwa mstari. NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, kwa kawaida huipa taasisi ya nje asilimia 8 tu kwa gharama za uendeshaji, kwa hiyo kaa na mhasibu wako kabla ya kuahidi chochote. Mwaka 2025 misaada ya Marekani ilipositishwa, wengi walijifunza kwa uchungu hatari ya kutegemea mfuko mmoja. Gawanya kazi iwe na sehemu zinazoweza kusimama hata fedha nyingine zisipokuja.

Kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), au cha ZAHRI (taasisi ya utafiti wa afya ya Zanzibar) ukiwa Zanzibar, kitengee miezi, pamoja na barua za mkoa na halmashauri.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: mwone mganga mkuu wa wilaya kabla hujaandika. Muulize utaratibu unaotaka kuujaribu ungeingia kifungu gani cha Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri ruzuku ikiisha. Mwaka wa fedha unaanza Julai na mipango hupangwa miezi kadhaa kabla, basi ratiba yako ilete matokeo ya awali wakati huo wa kupanga. Kama hakuna kifungu kinachoweza kuubeba, badilisha utaratibu wenyewe ukiwa bado kwenye karatasi, kabla hujaupeleka kwa wagonjwa watakaouzoea kisha wanyang'anywe.