Mtihani wa mwili wa zimamoto Marekani: anza na ngazi

CPAT ndiyo mtihani wa mwili ambao idara nyingi za zimamoto Marekani na Kanada huwapa waombaji kazi. Vituo ni vinane, muda dakika 10 na sekunde 20, na hakuna alama: unafaulu au unaanguka.

Wengi hujiandaa kwa kukimbia barabarani, kumbe kinachowaangusha ni ngazi, tena ndiyo kituo cha kwanza. Unavaa kizibao cha kilo 22.7, badala ya mtungi wa hewa na mavazi ya moto. Mabegani unaongezewa kilo 11.3, uzito wa mpira wa maji unaopandishwa ghorofani. Unapasha misuli sekunde 20, kisha unapanda mashine ya ngazi zinazozunguka dakika 3, hatua 60 kila dakika. Muda ukishaanza kuhesabiwa, ukianguka au ukishuka, umeondoka. Kugusa reli kidogo usiyumbe kunaruhusiwa. Kuiegemea unaonywa, na mara ya tatu unatolewa. Kwa hiyo tafadhali usizoee kushika reli mazoezini. Mikono inabeba mzigo ambao siku yenyewe utayaangukia mapaja.

Tenga wiki 10. Mara tatu kwa wiki, kwa kuruka siku, panda na kushuka sanduku imara la sentimita 20 ukiwa na begi mgongoni, mguu mmoja kila mshale wa sekunde unaporuka. Dakika 3, pumzika 2, rudia mara tatu. Anza na kilo 10, ongeza 3 kila wiki. Wiki ya 9 utakuwa kwenye 34. Ya mwisho punguza, miguu ipone. Goti likiuma, baki kwenye uzito uleule wiki nzima zaidi.

Baada ya ngazi zinabaki dakika 7 na sekunde 20. Kati ya kituo na kituo ni mita 26, na hukimbii: kwanza onyo, ukirudia unatolewa. Kila mwendo huo huchukua kama sekunde 20, na ipo saba, kwa hiyo kazi yenyewe ina dakika 5 hivi. Tembea ukivuta pumzi kwa pua. Hapo ndipo unapopumzika.

Halafu viganja. Misumeno miwili unaibeba kwa pamoja, ukiangusha mmoja umekwisha. Kwenye kituo cha ngazi ya kuegemeza, kamba ya kuirefushia ikikuponyoka ikateleza, umekwisha vilevile. Beba ndoo mbili za maji, lita 15 kila moja, mita 50, glavu mkononi, maana mtihani unafanywa na glavu na mtu asiyezizoea hubana kupita kiasi, mikono ikachoka mapema.

Sanamu ya mtu wa kuokolewa, kilo 75, usiivute kwa mgongo. Shika mikanda ya mabegani, shusha makalio, rudi kinyumenyume kwa hatua fupi. Pipa unalolizunguka ukigeuka, usilishike wala kuliegemea.

Dari ni la mwisho: sukuma mara 3, vuta mara 5, seti nne. Mabega yameshaisha hapo, hivyo unaposukuma kunja magoti kisha yanyooshe, na unapovuta ning'iniza uzito wako kwenye mti mrefu wa ndoano unaotumia kuvutia dari.