Kuuza vitu vya ndani mtandaoni ili kulipa deni

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, Shehe. Nadaiwa na watu watatu. Muda wa mmoja umeshapita, na simu zake siku hizi naziacha ziite mpaka zikatike. Nyumbani nina vitu nisivyovitumia: kamera, baiskeli ya mazoezi iliyogeuka kuwa pa kutundikia nguo, kompyuta mpakato ambayo betri yake haimalizi saa moja, na saa ya mkono aliyonizawadia kaka yangu. Nataka kuvipiga picha nivitangaze mtandaoni. Ndugu zangu wanasema najidhalilisha, heri nikope kwingine nimalize. Mke wangu naye kanipa bangili zake za dhahabu niziuze humo humo. Je, ninachotaka kufanya ni sawa? Habari ya betri ni lazima niiseme hata kama hakuna aliyeuliza? Na mtu akishanipa arbuni, kisha akatokea mwingine mwenye bei nzuri zaidi, nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Nianze na hilo la kujidhalilisha, maana naona ndilo linalokuuma. Abu Daud amepokea kutoka kwa Anas kwamba mtu mmoja katika Answari alimwendea Mtume (S.A.W.) kuomba. Mtume akamuuliza: huna kitu chochote nyumbani? Akajibu kuwa ana shuka nzito, upande wanajifunika na upande wanatandika, na bakuli la kunywea maji. Akaambiwa avilete. Mtume akavichukua kwa mkono wake mwenyewe, akauliza: nani atanunua hivi viwili? Mmoja akasema dirhamu moja. Nani ataongeza? Akalirudia hilo mara mbili au tatu, mpaka mwingine akatoa dirhamu mbili. Yule Answari akaambiwa moja anunulie watu wake chakula, na nyingine anunue shoka akakate kuni. Isnadi ya hadithi hii, yaani mlolongo wa wapokezi wake, wanazuoni wameizungumza kwa kuitilia shaka, ila Tirmidhi, aliyepokea kipande chake, amesema ni hasan, yaani nzuri ya kukubalika. Angalia vilivyonadiwa: shuka na bakuli, tena vyote viwili vilikuwa bado vinatumika. Wewe unazungumzia baiskeli inayokausha nguo.

Ama ushauri wa kukopa kwingine, huko ni kulihamisha deni tu kutoka mfuko huu kwenda ule. Katika Muwatta ya Imamu Malik kuna kisa cha mtu wa kabila la Juhayna aitwaye Usayfi', aliyekuwa akinunua ngamia wa kupanda kwa bei kubwa, kwa mkopo, ili asifiwe kuwa huwatangulia mahujaji. Akafilisika. Umar bin Khattab akasimama mbele ya watu, akatangaza kwamba yeyote anayemdai aje asubuhi, mali yake igawanywe kwa wadai wake. Kisha akawaonya watu wajihadhari na deni, kwani mwanzo wake ni majonzi na mwisho wake ni vita. Usayfi' aliuziwa mali yake na wengine. Wewe unauza mwenyewe kabla hujafika huko, basi wapi hapo pa aibu?

Tena si ruhusa tu. Deni likishafika muda wake, mwenyewe akalidai, na wewe unayo mali iliyozidi haja yako, kuiuza ili ulipe kunakuwa wajibu. Mtume (S.A.W.) amesema kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhuluma, na hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim. Mwenye uwezo hapa si lazima awe na fedha taslimu. Kamera iliyolala kabatini nayo ni uwezo. Haimaanishi uuze nguo unazovaa au chombo unachochumia riziki. Na asiye na kitu kabisa, huyo ana aya yake, Suratul-Baqara 280: apewe muda mpaka apate wepesi.

Sasa betri. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapoteleza huku tukijiona tuko salama.

Imamu Muslim amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka na maji. Akauliza: nini hiki, ewe mwenye chakula? Yule bwana akasema kimenyeshewa na mvua, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu. Akamwambia: kwa nini usikiweke juu watu wakakiona? Anayeghushi si pamoja nami. Mfanyabiashara yule hakutamka uongo hata neno moja. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema. Kosa lake lilikuwa ni mpangilio: kikavu juu, chenye maji chini. Na mvua aliitaja kwa haki kabisa, kwa kuwa ni kweli ilinyesha, lakini hilo halikumwokoa.

Ndugu yangu, picha ya mtandaoni ndiyo juu ya lundo. Mnunuzi wa sokoni anao mkono wa kuingiza. Wako hana ila jicho, tena jicho lenyewe umemshikia wewe ukaamua litazame wapi. Kwa hiyo wajibu wako ni mkubwa kuliko wa muuzaji wa dukani. Andika: "Betri imechoka, haimalizi saa moja, inahitaji kubadilishwa." Mchubuko wa kona upige picha ya karibu, usiugeuzie ukutani. Na yale maneno ya "nauza kama ilivyo, bidhaa ikiuzwa hairudishwi", hayakusafishi ikiwa kasoro unaijua na umeinyamazia. Swahaba Hakim bin Hizam amepokea kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao. Wakificha na kudanganya, baraka hufutwa. Wewe unauza kwa sababu ya haki ya mtu iliyo shingoni mwako. Ukimficha mnunuzi, umewalipa wale watatu kwa kumdhulumu wa nne, na orodha ya wadai wako imeongezeka, ila huyu mpya atakudai Akhera.

Katika mlango huo huo wa kughushi liko hili la kuwaomba marafiki waandike chini ya tangazo, "Bei hiyo ni bure, mimi nachukua", na hawana nia ya kuchukua. Hiyo ndiyo najshi aliyoikataza Mtume (S.A.W.). Wengi huiona ni utani.

Mkataba wenyewe wa kuandikiana kwa simu hauna tatizo. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la kimataifa la wanazuoni, katika kikao chake cha 6 Jeddah mwaka 1990, ilipitisha kuwa mikataba kwa vyombo vya mawasiliano vya kisasa inasihi, isipokuwa machache, na mojawapo nitalirudia kwenye dhahabu.

Kuhusu mnunuzi wa pili, pambanua hali mbili. Mkiwa bado mnavutana bei, hujakubali wala yeye hajakubali, una haki ya kumsikiliza mwingine. Mnada wa shuka na bakuli ulikwenda hivyo hivyo. Lakini mkishafikiana, ukaandika "sawa, ni yako", umeshauza. Aliyekuja na fedha nyingi zaidi amechelewa, hata kama hakuna shilingi iliyotoka. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kuuza juu ya mauzo ya nduguye. Mwambie huyo wa pili kwa adabu kuwa kitu kimeshachukuliwa, na ulifute tangazo, usiliache likining'inia ili uone kama atatokea mkubwa zaidi. Arbuni nayo wanazuoni walio wengi hawakuiruhusu, wafuasi wa madhehebu ya Hanbali wameiruhusu, na Majmaa katika kikao cha mwaka 1993 ikaikubali kwa sharti kwamba muda wa kusubiri utajwe. Basi taja siku. Mnunuzi akishindwa kuja ndani ya muda huo, arbuni ni yako. Ukimkimbia wewe, irudishe yote.

Saa ya kaka yako ni mali yako tangu ulipoipokea, na ruhusa yake si sharti. Tena kuna jambo linalonipendeza katika hadithi ya Umar, naye alimpa mtu farasi katika njia ya Mwenyezi Mungu. Yule mtu hakumtunza, akawa anamuuza. Umar akataka kumnunua, Mtume (S.A.W.) akamkataza asirejee katika sadaka yake hata akiuziwa kwa dirhamu moja. Imamu Nawawi anasema katazo hili ni la karaha, yaani bora kuliepuka, si la uharamu. Lakini tazama lilimwangukia nani: aliyetoa. Anayeuza hakuambiwa neno. Kwa hiyo kaka akiudhika na kusema "basi niuzie mimi", hapo ndipo pa kujizuia. Kumwarifu kabla hajaiona saa yake kwenye tangazo ni uungwana, na mimi ningefanya hivyo.

Imebaki dhahabu, na hapa usifanye haraka. Kwanza, bangili ni za mkeo. Mahari na mali yake ni yake kwa nassi ya Qur'ani (Annisaa, aya ya 4), na deni lako halimhusu. Muulize waziwazi, akiwa ametulia, si usiku ule ambao umetoka kupigiwa simu na mdai: je, ni zawadi au ni mkopo? Akisema mkopo, andikeni uzito wake, kama aya ya deni inavyoagiza. Wako wanaume waliokula dhahabu ya wake zao kwa neno "tutaona baadaye".

Pili, dhahabu haiuzwi kama kamera. Hadithi ya Ubada bin Samit kwa Muslim imeshurutisha mkono kwa mkono, na pesa za leo zimechukua hukumu ya dhahabu na madini ya fedha katika hilo. Kwa hiyo mnunuzi akutumie malipo leo na bangili zimfikie kwa posta keshokutwa, hiyo ni riba ya kucheleweshana, na ndiyo sababu Majmaa iliuondoa ubadilishanaji wa fedha na dhahabu katika ruhusa ile. Utakachofanya ni kuzitangaza tu, mkubaliane kuonana, zipimwe, kisha yeye ashike bangili na wewe fedha iingie kwenye akaunti yako hapo hapo, kabla hamjaachana. Fedha kuingia katika akaunti ni makabidhiano. Ahadi kwamba itaingia si makabidhiano.

La mwisho hukuniuliza. Kabla hujaikabidhi kompyuta na kamera, futa kila kitu kilichomo, hasa picha za watu wa nyumbani. Hizo ni amana. Na kabla hujapiga hata picha moja ya tangazo, mpigie wewe yule mdai ambaye muda wake umepita. Mwambie unauza nini na unatarajia kumpa lini, na fedha ya kwanza itakayopatikana iende kwake. Huenda akakupa muda, huenda akafoka. Akifoka, kumbuka kwamba Mtume (S.A.W.) alipodaiwa kwa ukali na maswahaba wakataka kumshika yule mtu, aliwaambia wamwache, kwani mwenye haki ana neno la kusema. Pokea simu.

Wallahu a'lam.