Siki, msasa na kofia ya chuma ya Mjerumani

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, kwa sasa naishi Leipzig. Mwezi uliopita nilinunua kofia ya chuma ya Mjerumani ya Vita Kuu ya Kwanza kwenye soko la vitu vya zamani. Ina zile pembe mbili fupi ubavuni, na kwa ndani upande wa kushoto imegongwa ET64. Ina kutu, na juu imepakwa rangi hovyohovyo: kijani, kahawia na njano ya haradali, na mistari myeusi katikati. Nadhani kuna watoto waliichezea. Ngozi ya ndani imekakamaa. Rafiki yangu ameniambia niiloweke kwenye siki usiku kucha, niisugue kwa stilwaya, kisha niipulizie rangi ya kijivu ya jeshi; ngozi niipake mafuta ya nazi. Nimeshaanza na msasa upande wa nyuma, sehemu kama ya kiganja. Je, niiloweke saa ngapi, na rangi sahihi nitaipata wapi? – Msomaji, Leipzig

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Weka msasa chini, na siki irudishe jikoni. Sitakupa idadi ya saa wala jina la rangi, kwa sababu hicho unachotaka kukiondoa huenda ndicho kitu cha thamani kuliko vyote ulivyonunua siku ile.

Julai 1918 ilitoka amri kwa jina la Jenerali Ludendorff kwamba kofia za chuma za jeshi la Ujerumani zipakwe mabaka ya rangi, kijani, njano na kahawia, na kati ya baka na baka upite mstari mweusi wa upana wa kidole. Askari walipaka wenyewe, kwa brashi waliyoipata, mahali walipokuwa. Ndiyo maana mara nyingi mistari imepinda na rangi imechuruzika. Soma tena ulivyoniandikia: kijani, kahawia, njano ya haradali, mistari myeusi. Watoto unaowadhania walikuwa na amri ya makao makuu.

Sijasema kwamba yako ni ya kweli. Picha mbili za simu ulizonitumia hazitoshi kuamua, na mabaka haya yanaghushiwa kuliko kitu kingine chochote katika biashara hii, maana kofia yenye mabaka inauzwa ghali kuliko ya rangi moja. Ninachosema ni kwamba swali hilo halijajibiwa, na ukishatia stilwaya halitajibika tena. Sehemu uliyoisugua imeshanyamaza. Bado una nyingine kubwa inayoweza kusema.

Kila wiki napata barua kama yako. Kofia, kisu cha bunduki, chupa ya maji ya askari, saa ya mfukoni, na nyuma ya kila kimoja kuna rafiki mwenye siki. Watu wameshika imani kwamba kukarabati ni kurudisha upya, kwamba kitu cha kale kikisuguliwa hadi king'ae ndipo kinapopanda bei. Imani hiyo ina maana kwa gari, kwa sababu gari unataka litembee. Kofia hii hakuna atakayeivaa tena. Chuma chake chenyewe si adimu, zilitengenezwa kwa mamilioni. Kinachoitofautisha yako na nyingine zote ni kile kilichoipata baada ya kutoka kiwandani: rangi iliyopakwa, mkwaruzo, jina lililoandikwa ndani kwa wino, jasho lililoingia kwenye ngozi. Ukivua vyote hivyo umebaki na bakuli la chuma.

Tena bakuli lako lina historia ya karibu na unapoishi. ET ni alama ya kiwanda cha chuma cha Thale, chini ya milima ya Harz, na 64 ni saizi kwa sentimita. Kiwanda hicho kilikuwa kikifinyanga vyombo vya chuma vya nyumbani kabla ya vita. Mwaka 1915 Friedrich Schwerd, mhandisi kutoka Hanover, alisanifu kofia hii baada ya daktari mpasuaji August Bier kueleza alichokuwa akikiona hospitalini: askari wenye majeraha ya kichwa yaliyotokana na vipande vidogo sana vya makombora, vipande ambavyo kofia za ngozi zenye mkuki juu hazikuweza kuvizuia hata kidogo. Kofia za kwanza ziliingia mikononi mwa askari mwanzoni mwa 1916, wakati wa vita vya Verdun, Ufaransa. Zile pembe ubavuni ni matundu ya hewa, na pia ni za kushikilia bamba zito la kukinga paji la uso, bamba ambalo askari wengi walilichukia kwa uzito wake. Thale kuna makumbusho ya kiwanda hicho. Nenda ukaone kabla hujagusa chochote.

Sasa hiyo siki. Inakula kutu, ni kweli, na ndiyo maana watu wanaiamini. Lakini ni tindikali, na tindikali haichagui. Inapenya chini ya rangi pale penye ufa, inaila kutu iliyoishikilia rangi, na rangi inabanduka kama ganda la yai. Halafu tazama ukingo wa kofia yako. Umekunjwa kuelekea ndani, na mkunjo huo umeacha mfereji mwembamba unaozunguka kofia nzima. Siki ikiingia humo haitoki, hata ukisuuza mara kumi. Ribiti tatu zinazoshika bitana ya ngozi nazo zina nafasi nyuma yake, na huko pia inakaa.

Niliwahi kuletewa kofia iliyopita kwenye siki. Mwenyewe alikuwa na furaha, ilikuwa inang'aa kama sufuria mpya. Niliiweka mezani juu ya karatasi nyeupe, nikamwomba aniachie kwa wiki mbili. Aliporudi niliinua kofia, na kwenye karatasi palikuwa na duara kamili la rangi ya chai, kipimo kilekile cha ukingo. Tindikali ilikuwa inatoka kwenye mkunjo kidogokidogo, na kutu mpya inatoka nayo. Upande mmoja ambako nembo ya kubandika ilikuwapo hapo awali, pamebaki kivuli tu. Nilimweleza ukweli, na ukweli ulikuwa kwamba hakuna cha kurudisha. Yule aliyemshauri alikuwa na video yenye watazamaji wengi.

Zile dawa za dukani zinazogeuza kutu kuwa nyeusi ni tindikali vilevile, isipokuwa zina jina zuri. Mashine ya kupuliza mchanga ni mbaya kuliko zote. Hiyo inakula hadi uso wa chuma, na alama ya ET64 inafifia. Brashi ya waya kwenye drili, usiiulizie. Na msasa una ubaya mwingine ambao hakuna rafiki anayeutaja: rangi nyingi za zama zile zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ulilivuta bila barakoa. Futa pale ulipofanyia kazi kwa kitambaa chenye maji, usifagie, na kama kuna mtoto nyumbani kitambaa hicho kitupe.

Ngozi. Mafuta ya nazi tulilelewa nayo, najua, yanafaa kwa nywele na kwa samaki. Lakini huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na chumba cha Leipzig wakati wa baridi hakifiki huko. Yatagandia ndani ya ngozi, yatavuta vumbi, na yakikaa miaka yatachacha na kunata. Ngozi iliyokaa zaidi ya miaka 100 haikukakamaa kwa kukosa mafuta. Nyuzi zake zimechoka, na mafuta hayaunganishi uzi uliokatika. Wenye zile kofia za ngozi za zamani zaidi zenye mapambo ya shaba nyeupe au ya njano wanalijua jambo hili kwa macho yao: mahali ngozi iliyopakwa mafuta inapogusana na shaba panaota utando wa kijani unaofanana na nta. Ni mafuta yanakula shaba. Kwa hiyo usipake nazi, usipake kiwi ya viatu, usipake chochote, na wala usizikunje zile ndimi za ngozi kuangalia kama bado laini. Ukitaka kuona nyuma yake, mulika kwa tochi ukiwa umeinamisha kofia.

Cha kufanya ni kidogo, na watu wengi hawaridhiki nacho kwa sababu hiyo. Piga picha kila upande kwanza, nje na ndani, mwanga ukitokea ubavuni ili mikwaruzo ionekane. Ondoa vumbi kwa brashi laini ya kuchorea, ukilisukumia kwenye mdomo wa mashine ya kufyonza uliofunikwa kitambaa cha neti, ili kipande cha rangi kikidondoka usikipoteze. Mahali rangi imeshika vizuri unaweza kufuta kwa pamba iliyonyevushwa kidogo na maji yaliyokenekwa, ukakausha papo hapo. Mahali inapobanduka usiguse kabisa. Kutu ya unga, ile inayobaki kidoleni, inatolewa kwa kijiti cha mwanzi chini ya lenzi, nukta kwa nukta. Kutu nyeusi iliyo ngumu na tulivu iache ilipo. Kisha iweke chumba unachokaa mwenyewe, si darini wala chini ya ardhi, unyevu wa hewa uwe karibu asilimia 45. Chuma kingependa pakavu zaidi, ngozi ingependa zaidi ya hapo kidogo, na hapo ndipo vinapopatana. Usiitundike kwenye msumari kwa mkanda wa kidevu.

Kuhusu mabaka, nunua lenzi ya kukuza mara 10 na utazame mikwaruzo na vishimo vya kutu. Ukikuta rangi imetumbukia ndani ya mkwaruzo au ndani ya kishimo cha kutu, mkwaruzo ulitangulia na rangi ikafuata, na hapo pana swali kubwa la lini. Ukikuta kutu imeipasua rangi kutoka chini, hilo ni tumaini. Taa ya urujuanimno (UV) nayo husaidia kwenye nyuzi za bitana, kwa kuwa uzi wa kisasa mara nyingi unang'aa buluu-nyeupe gizani, ingawa kitambaa cha kale kilichofuliwa kwa sabuni za leo nacho hung'aa. Hakuna kipimo kimoja kinachomaliza kesi. Anayekuambia kipo anakuuzia kitu.

Na kwa kuwa wengi mnasoma hapa mkiwa na fedha mfukoni, niseme wazi. Hakuna ubaya kupaka rangi kofia iliyooza ikawa ya maonyesho, mradi aliyeipaka anaandika kwamba ameipaka. Tabu ni kwamba kofia hubadilisha mikono, na kufikia mkono wa tatu neno "imekarabatiwa" limeshadondoka njiani. Nembo za kubandika za kofia za Vita vya Pili zinachapwa mpya hadi leo na kubandikwa kwenye kofia za kweli, ili alama halisi ya kiwanda imtolee ushahidi mwongo aliyeibandika. Aliye Ujerumani ajue pia kwamba kuonyesha hadharani au kusambaza alama za Kinazi ni kosa chini ya kifungu cha 86a cha sheria ya jinai, isipokuwa kwa kazi kama elimu, utafiti na sanaa. Kofia ya 1916 haina shida hiyo.

Kofia zilizochimbwa ardhini ziogopeni kwa sababu mbili. Ya kwanza, zimejaa chumvi, na chumvi hiyo inaendelea kuzila hata zikiwa kabatini, zinatoa matone madogo ya kahawia kama jasho. Ya pili ni kubwa zaidi. Ufaransa hairuhusu kutafuta vitu vya kale kwa kigunduzi cha chuma bila kibali, na mashamba ya Verdun bado yana makombora ambayo hayajalipuka. Yana watu pia. Kofia iliyotolewa huko huenda ilikuwa na mwenyewe chini yake, na akishatenganishwa nayo ni vigumu zaidi kumpa jina.

Wa nyumbani nao wananiandikia, kutoka Tanga hasa, kwamba wameuziwa kofia ya chuma ya Mjerumani iliyopigana pale Novemba 1914. Haiwezekani. Mwaka 1914 kofia hii ilikuwa haijasanifiwa. Maofisa wa Kijerumani pale walivaa helmeti za joto, nyepesi, zilizofunikwa kitambaa, au kofia pana, na askari wetu walivaa tarbushi ya kaki. Huyo aliyewauzia aliinunua Ulaya au aliitengeneza, na hadithi ya babu aliyeificha darini aliitunga ili bei ipande. Kabla ya kulipa, ulizeni mwaka.

Sasa rudi kwenye kile kiganja ulichokisugua. Usikipake rangi hata kama kinakuuma kukitazama. Kipanguse vumbi, kikaushe, kisha pale tu penye chuma kitupu pitisha nta ya kuhifadhia madini kwa ncha ya kitambaa cha pamba, utando mwembamba kiasi kwamba huuoni, bila kuvuka kwenye rangi iliyobaki pembeni. Andika kwenye karatasi ulichofanya, tarehe, na namba ya msasa, uitie ndani ya bahasha inayokaa pamoja na kofia. Kisha nitumie picha za pembeni mwa eneo hilo, kwa lenzi, pale rangi inapokatikia. Msasa ukikata kwa mshazari huacha tabaka zote zionekane kama pete za mti, na pengine humo tutaona kama chini ya mabaka kuna kijivu cha kiwandani, na kama kati ya tabaka hizo mbili kuna uchafu wa vita au hakuna.