Deni la safari, cheti na makato: jibu kuhusu uhamiaji na maendeleo

Ndugu uliyeuliza, swali lako lina sehemu mbili. Ya kwanza ni iwapo misaada ya maendeleo kutoka nchi tajiri inaweza kupunguza idadi ya watu wanaohama kutafuta kazi, na ya pili ni iwapo mikataba ya kimataifa kuhusu uhamiaji inamletea mhamiaji na nchi yake faida yoyote inayoonekana. Nitazijibu zote mbili, ila ya pili ndiyo ninayoijua kwa undani, kwa kuwa nimeipitia nikiwa mhamiaji na baadaye nikiwa miongoni mwa waliokaa kuandika masharti. Nilifanya kazi ya ufundi umeme nje ya nchi yangu kwa miaka sita, na niliporudi niliajiriwa na chama cha wafanyakazi, ambacho kilinituma kwenye vikao vitatu vya kamati iliyokuwa ikiandaa makubaliano ya ajira kati ya serikali mbili.

Nianze na misaada. Wazo kwamba mtu akijengewa shule, barabara na nafasi za kazi kwao hataondoka limeongoza sera nyingi. Viongozi wa Ulaya na Afrika walipokutana Valletta mwezi Novemba 2015, ulizinduliwa mfuko wa dharura wa Umoja wa Ulaya kwa ajili ya Afrika, ambao jina lake rasmi lilitaja kushughulikia visababishi vya uhamiaji usio rasmi. Tatizo ni kwamba kuhama kwenyewe kunahitaji mtaji. Anayekwenda kufanya kazi mbali anahitaji pasipoti, nauli, cheti cha fani yake na aghalabu jamaa wa kumpokea, na mtu fukara kabisa hana hata kimoja kati ya hivyo. Ndiyo maana, ukilinganisha nchi kwa nchi, wanaohama huongezeka kadiri kipato kinavyopanda kutoka chini, na huanza kupungua pale tu nchi inapokuwa imeshafika kipato cha kati. Na ndiyo maana India na Mexico, ambazo si miongoni mwa nchi maskini kabisa, zimo mstari wa mbele kwa idadi ya raia wanaoishi ng'ambo. Msaada unaopimwa kwa kigezo cha wangapi hawakuondoka utahesabiwa kuwa umeshindwa hata pale uliposomesha watoto na kuleta maji, na jambo hili linaniuma, kwa sababu shule na maji vinastahili kugharimiwa kwa ajili ya shule na maji.

Sasa sehemu ya pili. Nilipoondoka, wakala wa ajira aliyeniunganisha na mwajiri alinitoza fedha iliyolingana na mshahara wangu wa miezi kumi na mmoja kule nilikokwenda. Sikuwa nayo. Niliikopa kwa ndugu watatu na kwa mkopeshaji mmoja wa riba. Nilikuwa na daftari dogo nililolichora safu nne: tarehe, kiasi nilichotuma, makato ya kutuma na salio la deni. Daftari hilo ninalo hadi leo. Kurasa zake nne za mwanzo hazina hata mstari mmoja ambao fedha yake ilikwenda kwenye ada ya shule, mbegu au tofali. Zote ni za deni na riba. Mstari wa kwanza wenye neno "shule" ni wa mwezi wa kumi na tisa. Kwa hesabu za benki kuu nilikuwa ninaiingizia nchi fedha za kigeni tangu mwezi wa kwanza, kumbe kwa mwaka mmoja na nusu fedha hizo zilikuwa zikipita tu mikononi mwa familia yangu kwenda kwa waliotukopesha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba uhusiano wa uhamiaji na maendeleo unaamuliwa kabla mtu hajapanda ndege, siku ile inapoamuliwa nani atalipia safari.

Jambo la pili lilinikuta nilipofika. Nyumbani nilikuwa nimesaini mkataba wa fundi umeme. Kule, jioni ya siku ya kuwasili, tukiwa tumepanga foleni kwenye ukumbi wa hosteli na mabegi bado mikononi, tulipewa karatasi nyingine iliyoandikwa kwa lugha ambayo wengi wetu hatukuisoma, na cheo changu humo kilikuwa "msaidizi wa fundi", pamoja na mshahara uliopunguzwa kwa karibu theluthi. Sababu niliyopewa ni kwamba cheti changu hakitambuliki. Kazi, hata hivyo, ilikuwa ileile niliyosomea: nilifunga mabodi ya kugawia umeme, nikavuta nyaya, nikapima mkondo, na kila Alhamisi alikuja fundi mwenye cheti kinachotambulika, akakagua kwa dakika chache na kuweka saini yake kwenye fomu zangu. Alikuwa mtu mwema, na mara mbili aliniambia kwamba hakuona cha kurekebisha. Tofauti ya mshahara wake na wangu ilikuwa bei ya serikali mbili kutokukaa pamoja na kulinganisha mitaala yao.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu bila hayo maneno ya kwenye mikataba yanasomeka kama sala zisizo na mwombaji. Mwezi Desemba 2018 nchi zilikutana Marrakech na kupitisha Mkataba wa Kimataifa wa Uhamiaji Salama, wenye Utaratibu na wa Kawaida, na tarehe 19 ya mwezi huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likauidhinisha kwa kura 152 za ndiyo, 5 za hapana, na nchi 12 zikajizuia kupiga kura. Una malengo 23 na haumfungi yeyote kisheria. Kabla ya kuingia kwenye vikao niliuona kuwa karatasi ya kupiga picha nayo. Nilibadilika katika kikao cha kwanza, na nitaeleza kwa nini.

Rasimu iliyoletwa na upande wa nchi inayopokea ilisema kwamba mfanyakazi atatozwa "ada stahiki" ya uajiri. Tulibishana juu ya neno "stahiki" kwa siku nzima. Wenzetu walishikilia kwamba ada ni jambo kati ya mfanyakazi na wakala, na kwamba serikali haina la kusema hapo. Ndipo mwanasheria wa upande wetu alipofungua lengo la 6 la mkataba ule, linalohusu uajiri wa haki, kisha kanuni za Shirika la Kazi Duniani za mwaka 2016 zinazosema kwamba ada na gharama za uajiri zisibebwe na mfanyakazi, akawauliza kwa upole: nchi yenu iliunga mkono haya, je, imebadili msimamo? Chumba kilinyamaza. Wajumbe wale hawakuwa na mamlaka ya kukanusha kauli ambayo serikali yao ilikwisha kuitoa mbele ya dunia. Kesho yake sentensi iliandikwa upya: gharama za uajiri hazitabebwa na mfanyakazi. Tangu siku hiyo siudharau mkataba usiofunga kisheria, kwa sababu nimeona unavyomwezesha mjumbe wa nchi dhaifu kuanza mazungumzo mahali pa juu kuliko pale ambapo nguvu zake zingemfikisha.

Hata hivyo sentensi hiyo pekee isingetosha. Wakala akikatazwa kutoza "ada", atatoza "fomu", "mafunzo", "uchunguzi wa afya" au "usindikizaji". Kwa hiyo tulidai kiambatisho kinachoorodhesha kila gharama kwa jina lake: viza, kibali cha kazi, tiketi ya kwenda, vipimo vya hospitali, tafsiri ya nyaraka, malazi ya kusubiri safari. Wataalamu wa serikali, waajiri na wafanyakazi walikwisha kukubaliana mwaka 2018, chini ya Shirika la Kazi Duniani, kuhusu tafsiri ya gharama hizi, nasi tuliifuata karibu neno kwa neno. Kama ningeambiwa nichague ukurasa mmoja tu wa kuuhifadhi kutoka kwenye makubaliano yale, ningechagua kiambatisho hicho.

Kuhusu vyeti tulipata nusu ya tulichotaka: fani nne zilikubaliwa kutambuliwa kwa mtihani wa vitendo unaofanyika kabla ya kuondoka. Lengo la 18 la mkataba wa Marrakech linakwenda mbali zaidi, kwani linazungumzia ubia wa ujuzi, yaani nchi inayohitaji wafanyakazi kuchangia mafunzo katika nchi wanakotoka, ili baadhi ya wahitimu wahame na wengine wabaki. Ninaupenda mpango huu hasa kwa kada ya afya. Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za uajiri wa kimataifa wa wahudumu wa afya mwaka 2010, na mwaka 2023 lilitaja nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa kada hiyo, zinazohitaji kulindwa. Kumzuia muuguzi asiondoke si haki, na kuiachia nchi yake gharama yote ya kumsomesha nako si haki.

Makato ya kutuma fedha yanahitaji maelezo zaidi, maana hapa ahadi na hali halisi vimeachana kwa muda mrefu. Mwaka 2009 huko L'Aquila, nchi nane tajiri ziliahidi kushusha wastani wa gharama kutoka asilimia 10 hadi 5 ndani ya miaka mitano, haikutimia. Malengo ya Maendeleo Endelevu yakaweka kikomo kipya, chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030, na pasiwe na njia yoyote inayozidi asilimia 5. Wastani wa dunia wa kutuma dola 200 umeendelea kuwa juu ya asilimia 6, na kwenda Afrika kusini mwa Sahara ni ghali zaidi. Benki ya Dunia ilikadiria kuwa mwaka 2023 wahamiaji walituma takriban dola bilioni 656 kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Pointi moja tu ya asilimia ikipunguzwa hapo, ni zaidi ya dola bilioni 6 zinazobaki kwa familia. Safu ya tatu ya daftari langu, nilipoijumlisha baada ya miaka sita, ilitoa zaidi ya mshahara wa miezi mitatu. Serikali zinaweza kufuta mikataba inayoipa kampuni moja haki ya pekee ya kulipa fedha hizo katika ofisi za posta au benki, na zinaweza kulazimisha kiwango cha ubadilishaji kitangazwe kabla mteja hajalipa, kwa kuwa sehemu ya gharama hufichwa humo.

Naomba pia tusizigeuze fedha hizi kuwa bajeti ya taifa. Ni mishahara ya watu. Familia inapoitumia kwa chakula na dawa badala ya kufungua mradi, haijakosea lolote.

Tuliposhindwa kabisa ni kwenye pensheni. Lengo la 22 linataka mafao ya hifadhi ya jamii yaweze kuhamishika, lakini wenzetu walisema mfuko wao hauna utaratibu wa kulipa nje ya mipaka. Mimi mwenyewe nilikatwa michango ya pensheni kila mwezi kwa miaka sita na niliondoka bila senti yake. Katika kikao cha tatu tulikubaliana tu kwamba pande zote mbili zitabadilishana takwimu za michango ya waliorudi, na orodha ya kwanza imeshatumwa, ikiwa na jina langu. Kifungu hicho ndicho tulichoomba kiwe cha kwanza kwenye ajenda ya kikao cha nne.