Sindano ya neostigmini: nilivyopimwa miasthenia gravisi

Dada uliyeuliza kama mdogo wako akubali sindano ya kupima misuli, aliyoandikiwa kwa sababu kope zake zinaanguka na anaona vitu viwili viwili, mimi nilichomwa sindano hiyo miaka sita iliyopita, na nakuomba asiikimbie.

Kabla yake nilikuwa nimebadilishiwa miwani mara mbili, kwa kuwa asubuhi nilionekana mzima, na udhaifu ulijitokeza jioni, nikashindwa hata kumaliza kutafuna nyama. Daktari wa mishipa ya fahamu alinieleza kwamba katika miasthenia gravisi, ugonjwa wa kulegea kwa misuli, kinga ya mwili hushambulia vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayopeleka amri ya neva kwenye msuli. Neostigmini huzuia kemikali hiyo isivunjwevunjwe upesi, na msuli uliolegea hupata nguvu kwa muda.

Kazi kubwa aliifanya kabla ya sindano. Alinitaka nitazame juu mpaka kope la kushoto lishuke lenyewe, akapima uwazi wa jicho kwa rula, milimita 4, kisha akanipiga picha. Pasipo kipimo cha namna hiyo, mgonjwa atasema tu kwamba anajisikia nafuu, na hilo si jibu. Nilichomwa begani, pamoja na atropini ya kuzuia mapigo ya moyo yasishuke mno. Baada ya dakika kama 20 rula ile ile ilisoma milimita 9, na muuguzi niliyekuwa nikimwona wawili akawa mmoja. Nililia. Tumbo lilinisokota kidogo na mate yakajaa kinywani. Saa chache baadaye kope lilishuka tena.

Wengine watakutajia edrofoniamu, dawa nyingine ya kipimo kama hiki, inayochomwa kwenye mshipa na kuonyesha matokeo ndani ya dakika moja hivi. Hata Marekani iliondolewa sokoni mwaka 2018, kwa hiyo msihangaike kuitafuta.

Aseme mapema kama ana pumu au tatizo la moyo, na achomwe mahali penye vifaa vya kusaidia kupumua. Sindano isipoonyesha kitu, msikubali kuambiwa kwamba hana ugonjwa, kwani kipo kipimo cha damu cha kingamwili na kipo cha umeme wa misuli. Ikionyesha, kifua kipigwe picha ya CT kutafuta uvimbe wa tezi ya thaimasi. Na siku atakayougua malaria, anayemtibu ajue hali yake kabla ya kuandika dawa, kwa sababu kwinini, kama ilivyo antibiotiki ya gentamisini, inaweza kuzidisha udhaifu hadi kwenye misuli ya kupumua.