Kazi Unayoikwepa Ina Kitu Unachokiogopa

Mtu anayeahirisha kazi ni nadra kumkuta amekaa bure. Mwangalie vizuri: anapanga mafaili, anajibu barua pepe ambazo hazina haraka, anafuta vumbi mezani, anachagua rangi ya vichwa vya habari vya ripoti ambayo bado hajaiandika. Jioni amechoka kweli kweli. Ndiyo maana sikubaliani na wanaouita uvivu. Mvivu hupumzika akapumzika. Mwahirishaji hata akilala, ile kazi imelala naye.

Mwaka 2013, wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza kwamba kuahirisha ni njia ya kujituliza kwa muda mfupi. Kazi inakutia wasiwasi, unaiweka kando, wasiwasi unashuka palepale. Unafuu huo ndio unaokurudisha kule kule kesho yake. Simu nayo ina lawama zake, lakini simu ni kimbilio tu. Mnyang'anye mwahirishaji simu yake, utamkuta anafua mapazia.

Kwa hiyo mimi siku hizi sianzi na ratiba. Naanza na karatasi na sentensi moja: "Kazi hii siigusi kwa sababu…" Kisha naimalizia bila kujipamba. Kuna ripoti iliyokuwa ikinisumbua kila mwisho wa mwezi. Nafungua faili, naandika kichwa na tarehe, nanyanyuka kwenda kutafuta chai. Nilipoiandikia ile sentensi, jibu likawa dogo hadi linachekesha: kulikuwa na aya moja ya kueleza kwa nini matumizi yamevuka bajeti, na takwimu zake alikuwa nazo mwenzangu mmoja ambaye ukimwomba kitu lazima akugombeze kwanza. Ripoti nzima ilikuwa imekwama kwenye simu moja ya kumpigia yeye. Nikaanza na hiyo simu. Akanigombeza, akanipa takwimu.

Sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi, kwangu na kwa ninaofanya nao kazi, ni kutokujua kinachotakiwa. Bosi anapita mlangoni, anasema "niandalie kitu kuhusu wateja wetu," anaendelea na safari yake. Kitu gani? Kurasa mbili au ishirini? Wateja wote au waliotukimbia? Kazi isiyo na umbo huwezi kuianza, na kwa kuona haya kuuliza, unaisogeza Alhamisi, halafu wiki ijayo. Hapa usimwendee bosi na mikono mitupu ukauliza "ulitaka nini?" Andika vichwa vinne au vitano vya unachodhani anakitaka, mpelekee, mwambie akate na kuongeza. Watu wengi hawajui wanachotaka hadi waone wasichokitaka.

Ukiogopa kwamba kazi itatoka mbovu, iandike mbovu makusudi. Rasimu yangu ya kwanza naipa jina "takataka", na hakuna anayeiona. Kama ni ya kuchosha tu, tega saa dakika 25, mtindo aliouanzisha Mwitaliano Francesco Cirillo, kisha nyanyuka.

Kuna na hili la "kesho asubuhi". Kesho asubuhi si mpango. Peter Gollwitzer, aliyechunguza sana jinsi watu wanavyotimiza nia zao, anashauri kufunga tendo kwenye tukio: likitokea hili, nitafanya lile. Mimi huandika hivi: "Nikishawasha kompyuta, kabla ya kufungua barua pepe, nitaandika aya ya matumizi." Aya, si ripoti.

Tarehe ya mwisho uliyojiwekea kimyakimya nayo usiiamini sana. Katika utafiti wa Dan Ariely na Klaus Wertenbroch wa mwaka 2002, waliojiwekea tarehe wenyewe walifanya vizuri kuliko waliokuwa na tarehe moja tu mwishoni, lakini waliopangiwa tarehe na wengine, kwa vipindi vilivyolingana, waliwapita wote. Basi tafuta mtu wa kukudai. Mwambie mwenzako, "Jumatano mchana nitakutumia nusu ya kwanza," hata kama ataisoma kwa jicho moja.

Na siku ukiahirisha tena, acha kujitukana. Wanafunzi waliojisamehe kwa kuchelewa kujisomea mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha walipojiandaa kwa mtihani uliofuata. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2010. Kujilaumu ni wasiwasi mwingine juu ya ule wa awali, nawe unajua wasiwasi unakupeleka wapi.

Wakati mwingine ile sentensi ya kwenye karatasi inaishia hivi: "…kwa sababu sioni faida yake." Usilipuuze jibu hilo. Kuna jedwali nililokuwa nikilijaza kwa kusukumwa, nikamuuliza msimamizi wangu nani hulisoma. Akafikiri kidogo, akasema aliyelihitaji alishahama idara. Tukalifuta siku hiyohiyo.